Zamu ya Koplo Mutua

Enzi zetu, na ninyi mliokula vumbi la Garissa pamoja nami mtanishuhudia, kitabu kimoja cha Kiingereza kilitosha bulla nzima, mtaa wote, na bado watu wakakiazima. Siku hizi mjukuu wangu Liban ana vitabu elfu moja ndani ya simu, na nikimuuliza amesoma kipi ananijibu, "Awowe, nilicheki tu samari." Sisi hatukujua samari, huo muhtasari wao. Tulikuwa na kitabu kimoja chenye jalada la kijani lililonuka mafuta ya taa, na kitabu hicho tulikimeza chote, kuanzia jina la mchapishaji hadi nambari za kurasa.

Ilikuwa miaka ya vita vya shifta, waasi wa porini waliopigana na serikali. Wakubwa walizungumza habari za bendera na mipaka kwa sauti za chini, na sisi wadogo tulivijua vita kwa mambo yetu wenyewe. Kafyu ilikatiza mpira wetu wa matambara kila jua lilipoanza kuinama, hata kama goli moja tu lilibaki. Sukari ilikuja na msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari, na msafara ukichelewa chai ilinywewa bila sukari, wazee wakawa wakali kuliko serikali. Kuogelea mto Tana kulipigwa marufuku. Nadhani mamba ndio walioumia zaidi na amri hiyo. Na mtu akivuka mto kuelekea Nairobi, tulisema "ameenda Kenya," sijui sisi tulidhani tuko wapi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita, au kumi na saba, kwa sababu Hoyo, mama yangu, alihesabu miaka kwa ukame na mara nyingine alisahau ukame mmoja. Baba alikwisha kufariki. Nyumbani tulikuwa watatu: Hoyo, mimi, na binamu yangu Noor, mtoto wa abti, mjomba wangu, wa Griftu, aliyeletwa kwetu ili asome. Noor alikuwa rika langu, mrefu, mzuri wa sura, mwenye kumbukumbu ya kutisha na uvivu wa kutisha zaidi. Ukimsomea jambo mara mbili halimtoki tena kichwani. Ukimuuliza maana yake, anakutazama kama mtu aliyeulizwa uzito wa moshi.

Sasa nieleze kilichomnyima Hoyo usingizi. Miaka ile kijana wa umri wetu asiye na karatasi ya shule alitakiwa na watu wa aina mbili. Mashifta walimtaka akawabebee mizigo porini, na askari walimtaka aeleze jana alikuwa amebeba nini. Katika bulla yetu vijana wawili walikwisha kuchukuliwa, mmoja na hawa na mmoja na wale. Mama zao walikaa mlango kwa mlango na kila jioni walitazama njia ile ile. Sisi tulikuwa tunamaliza darasa la mwisho la shule yetu, na baada ya hapo tungekuwa vijana wasio na karatasi.

Ndipo Mwalimu Katana, mtu wa pwani aliyetufundisha kila somo ikiwemo kushona vifungo, alipotangaza kwamba kutakuwa na mtihani wa kuingia chuo cha ualimu huko bara. Nafasi ni chache. Mtihani ni wa Kiingereza: sarufi, msamiati na kusoma. Atakayefaulu atapewa barua yenye muhuri na atavushwa mto kwa msafara wa serikali.

Hoyo aliposikia maneno "muhuri" na "kuvushwa" hakuuliza tena swali lolote. Alituketisha mbele yake, mimi na Noor, akasema, "Kukosa elimu ni kukosa nuru. Lakini hiyo ni ya baadaye. Sasa hivi nataka muwe ng'ambo ya mto."

Mwalimu Katana alikuwa ameagiza vitabu, lakini katoni yake ilikwama na msafara mahali fulani, akabaki na nakala moja. Alitukabidhi sisi wawili kwa sababu wengine darasani walikuwa wadogo mno kwa mtihani. Akasema sentensi moja, maskini, ambayo pengine aliijutia maisha yake yote. Alisema, "Kijueni kitabu hiki chote."

Jamani, kwa mtu aliyepitia dugsi, chuo chetu cha Kurani, kukijua kitabu kuna maana moja tu. Tulikulia kwenye loox, ubao wa mti ambao unaandika aya kwa wino wa mkaa, unaisoma mpaka ikae kifuani, kisha unauosha na kuandika nyingine. Macalin, mwalimu wetu wa dugsi, alikuwa na fimbo nyembamba iliyojua majina yetu yote. Na kila alasiri tulikaa subac. Wasioijua, subac ni duara: wa kwanza anasoma aya moja, wa pili anadaka aya inayofuata, wa tatu inayofuata, hivyo hivyo mpaka sura iishe. Usomaji wa subac ni mtamu kama nini, unazunguka bila kukatika. Na ina adabu yake. Aya ya mwenzako haigusiki. Hata kama unaijua, hata kama yeye amekwama na macho yamemtoka, unanyamaza na kumsubiri. Ukiila aya ya mwenzako, fimbo inakutafuta wewe.

Kwa hiyo mimi na Noor tulikaa chini kwenye mkeka, mlangoni mwa nyumba yetu ya herio, mikeka iliyofungwa juu ya fito, tukaanza kukisoma kitabu cha Kiingereza kwa subac. Sentensi moja mimi, sentensi moja Noor. Tuliyumba mbele na nyuma kama ilivyo desturi, tukivuta sauti mwisho wa kila sentensi. Hata jedwali la vitenzi tuliliimba. Kinyume cha mrefu, mimi. Ni mfupi, Noor. Kinyume cha tajiri, mimi. Ni maskini, Noor. Mpita njia aliyekuwa mbali angeapa kwamba ni Juzuu Amma, na wengine walipita wakasema mashallah.

Kitabu chenyewe kilikuwa na sarufi mbele na hadithi nyuma. Hadithi zote zilimhusu Mwingereza mmoja, Bwana Brauni, mkewe, watoto wao wawili na mbwa wao. Nawatafsiria kidogo. "Bwana Brauni huamka saa moja. Hunyoa ndevu zake. Huvaa koti la mvua. Huchukua mwavuli. Hukimbilia stesheni ya treni."

Hoyo alikuwa akisuka mkeka pembeni, na hakukubali maneno asiyoyaelewa yatamkwe nyumbani mwake. Kila sura ilipoisha aliniuliza mimi, kwa sababu Noor alikuwa ametoweka kwenda kunywa maji, "Haya, wamesema nini?" Nami nilimweleza kwa Kisomali, neno kwa neno, nikipekua orodha ya msamiati iliyokuwa nyuma ya kitabu pale nilipokwama.

"Ananyoa ndevu?" Hoyo aliuliza siku ya kwanza. "Ana ugonjwa?"

"Hapana, Hoyo. Ni desturi yao."

"Na kila asubuhi anakimbia. Nani anamfukuza?"

Nikamwambia anakimbilia kazini. Akataka kujua huyo mtu ana ngamia wangapi. Nikapekua kitabu chote, hakuna ngamia. Mbuzi je? Hakuna. Hoyo aliweka mkeka chini, akamhurumia mke wa Brauni kwa dhati. Tangu siku hiyo alimfuatilia mwanamke yule kama jirani aliyeolewa vibaya.

Lakini kilichomkera zaidi ni mvua. Ukurasa baada ya ukurasa, mvua ilinyesha kwa akina Brauni, na ukurasa baada ya ukurasa walinung'unika. "Ni siku mbaya, inanyesha." "Tumesikitika, mvua imerudi tena." Hoyo hakuamini. Alinilazimisha nirudie kutafsiri, akidhani nimekosea, kwa sababu kwetu sisi mvua ikitaja tu kuja wanawake hupiga vigelegele na mtoto aliyezaliwa siku hiyo huitwa Roble, mtoto wa mvua.

"Astaghfirullah," alisema. "Mungu anawapa kila siku, nao wanamrudishia kwa matusi! Ndiyo maana hawana mifugo."

Basi wiki ya pili ya subac yetu ndipo Koplo Mutua alipotokea. Sheria za wakati ule hazikupenda mikusanyiko, na mtu alikuwa amepeleka habari kituoni kwamba katika nyumba ya mjane fulani vijana hukutana kila alasiri, wanaapishana kwa kuyumba-yumba katika lugha isiyojulikana. Koplo alikuja na bunduki, buti na masharubu. Alikuwa Mkamba mnene kiasi, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa.

"Hapa ni mkutano gani?" akauliza. "Mnaapa nini?"

Noor, ambaye akiogopa hunyamaza, alinyamaza. Mimi, ambaye nikiogopa husema, nilikuwa katikati ya zamu yangu, nikaimalizia: Bibi Brauni amepoteza glavu zake.

Koplo akaomba kuona kitabu. Akakipekua kwa kidole gumba, na uso wake ukaanza kulegea polepole kama siagi juani. Kumbe na yeye alikuwa na mtihani. Alikuwa koplo kwa miaka tisa, na hakuweza kuwa sajini mpaka apite karatasi ya Kiingereza, na karatasi hiyo ilikuwa imemwangusha mara tatu.

"Hii glavu ni kitu gani?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nikamweleza. Akarudia neno hilo mara tatu mdomoni. Kisha akatazama mkeka, akatazama nafasi iliyobaki kwenye duara, akapiga hatua moja mbele.

Hoyo akainuka. Kiswahili chake alijifunza sokoni kwa wauza maharage, na kilikuwa na ukali wake. "Wewe bolisi, ngoja. Bunduki hapana ingia hapa. Na fiatu toa. Hii nyumba ya fitabu."

Koplo Mutua alimtazama yule mama mfupi mwenye kucha za hina. Akaegemeza bunduki kwenye mti wa ua, pale alipoweza kuiona, akavua buti zake. Soksi ya kushoto ilikuwa na tundu, na kidole gumba kilichungulia kutusalimu. Akaketi. Hoyo akamletea chai ya maziwa ya ngamia, kwa kuwa mgeni ni mgeni hata akija kukukamata. Mnajua maziwa ya ngamia yanavyomfanyia mtu wa bara mara ya kwanza. Tulifika sentensi ya nane, ikawa zamu ya Koplo, na Koplo hakuwepo. Tulimwona anavuka ua mbio bila buti, na kwa adabu ya subac tulimsubiri mpaka aliporudi.

Tangu siku hiyo tulikuwa watatu. Majirani walinung'unika. Yupo aliyemwambia Hoyo wazi kwamba ni aibu kumkaribisha askari wakati watoto wa watu wanachukuliwa. Hoyo akamjibu, "Muda anaosoma kwangu hakamati mtu." Na kweli, kati ya alasiri na kafyu, bulla yetu ilipumua. Vijana wengine walizoea kusinzia katika kivuli cha ua wetu saa hizo, wakisikiliza habari za Bwana Brauni, maana hapakuwa na mahali salama zaidi Garissa nzima.

Koplo alitusaidia pia katika ugawaji wa zamu, jambo lililokuwa limetutatiza. Kitabu kile kilikuwa na sentensi ngumu kwa mtoto wa dugsi. Bwana Brauni alikula nyama ya nguruwe na mayai kila asubuhi. Mbwa wake alilala kitandani na kuwalamba watoto usoni. Jumamosi alikunywa bia. Na ukurasa wa kumi na nne, mchana kweupe, mlangoni pake, alimbusu mkewe. Mimi na Noor tulikuwa tukizisukumiana sentensi hizo kama viazi moto, na mara mbili tulikaribia kupigana ngumi juu ya ile ya busu.

Hoyo, alipotafsiriwa tatizo, alitoa hukumu bila kuinua macho kwenye mkeka wake. "Ya nguruwe mbe Koblo. Na ya bombe. Na hiyo ya mlangoni mbe Koblo."

"Sawa, Mama," Koplo alisema kwa moyo mkunjufu. "Mimi nguruwe nakula. Nipe zote."

Basi tukaafikiana. Zamu itazunguka kama kawaida, lakini kila sentensi ya haramu ni ya Koplo, hata zikifuatana nne. Aliisema ile ya nguruwe kwa sauti kubwa iliyojaa hamu, na ile ya busu aliisema akitazama juu, kwa heshima ya Hoyo. Baada ya miezi mitatu tulikuwa na kitabu chote vifuani, sisi watatu, na kila mmoja na sehemu yake. Kurasa zenyewe hatukuwa tukizitazama tena. Tulifumba macho.

Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu, na hakuna aliyeliona. Mwalimu Katana alipita siku moja, akasimama uani akisikiliza, akasema, "Vizuri sana, lakini kila mmoja asome pia peke yake." Tukamwitikia ndiyo, Mwalimu, kisha tukaendelea na duara. Kusoma peke yako ni kazi ya mtu aliyegombana na wenzake.

Siku ya mtihani ikafika. Mtahini alikuja na msafara, mtu wa bara mwenye tai na soksi ndefu, amelowa jasho mpaka kwenye kola. Asubuhi tulifanya karatasi ya kuandika, sarufi na msamiati, na nadhani hatukufanya vibaya. Vinyume tulivijua kwa wimbo, ingawa ilinibidi nianze kila mara kutoka "mrefu" mpaka nilipofika kwenye neno lililotakiwa, midomo ikinichezacheza. Alasiri ikawa zamu ya kusoma kwa sauti, mmoja mmoja, katika darasa lililofungwa. Kwa usalama wa karatasi za serikali, mlangoni aliwekwa askari wa kulinda. Askari aliyepangiwa kazi hiyo alikuwa Koplo Mutua. Alisimama wima, bunduki begani, akitazama mbele kama hatujui. Noor alikaa kwenye benchi nje, chini ya dirisha, akisubiri zamu yake.

Mimi nikaitwa kwanza. Mtahini akanipa kitabu. Nilipoona jalada la kijani karibu nimkumbatie. Kumbe ndicho kilichotumika kila mahali. Akakifungua, akaweka kidole: Asubuhi nyumbani kwa Bwana Brauni.

Nikasoma sentensi yangu ya kwanza vizuri kabisa, na sauti nikaivuta mwishoni. Kisha nikanyamaza.

"Endelea," mtahini akasema.

Wallahi nilitaka kuendelea. Maandishi yalikuwa pale mbele yangu, meusi, makubwa. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefundishwa kwa fimbo tangu nikiwa na miaka mitano kwamba neno la mwenzako haligusiki, na sentensi iliyofuata ilikuwa ya nguruwe. Ulimi uligoma. Akilini nilimwona Hoyo mlangoni mwa nyumba, akitazama njia pamoja na wale mama wawili.

"Kwa nini husomi?" mtahini akauliza, na kalamu yake ikaanza kuelekea kwenye karatasi.

"Hiyo si yangu, bwana," nikasema.

"Ni ya nani?"

Kabla sijajibu, mlangoni kukasikika buti mbili zikigongana. Koplo Mutua, akiwa wima, macho mbele, bunduki begani, alitamka kwa sauti ya gwaride: Bwana Brauni hula nyama ya nguruwe na mayai! Na chini ya dirisha, kama mtu aliyeguswa na umeme, Noor akadaka: Bibi Brauni humimina chai! Nikashtukia nimeshachukua yangu, watoto wanatafuta viatu vyao, na Koplo akapokea mbwa anawalamba usoni, na Noor akapokea saa ya ukutani. Hatukuweza kusimama. Subac ikishaanza haisimami mpaka sura iishe. Tulimpeleka Bwana Brauni mpaka stesheni, busu la mlangoni likiwemo, na mtahini alikaa pale na kalamu hewani, akigeuza kichwa kutoka kwangu kwenda mlangoni kwenda dirishani.

Tulipomaliza, mtahini akaishusha kalamu. Akaniuliza hayo ni mambo gani, nami nikamweleza yote, dugsi, duara, kitabu kimoja. Akachukua leso akajipangusa uso, akakaa nayo usoni muda mrefu kuliko jasho lilivyohitaji, mabega yakimtikisika. Alipoiondoa alikuwa mtu wa serikali tena. Akafunga kitabu. Akatoa karatasi ambayo sikuwahi kuiona, akasema, "Soma hii. Peke yako. Halafu nitakuuliza."

Nikaisoma kwa kujikwaa, neno baada ya neno, na kila neno lilikuwa langu, hapakuwa na wa kumsubiri. Ilikuwa habari ya watoto waliokwenda na wazazi wao kula chakula kando ya ziwa. Mawingu yakatanda, mvua ikanyesha kwa nguvu, wakarudi nyumbani wameloa.

"Watoto walilia njiani," mtahini akasema. "Kwa nini?"

Laiti ningekuwa nimeulizwa mwanzo wa mwaka, ningesema walilia kwa furaha, na ningeshangaa mtu kuuliza. Lakini nilikuwa nimemtafsiria Hoyo kila tone la mvua ya akina Brauni. "Kwa sababu mvua imewaharibia siku," nikasema. "Watu wa kitabu hawaipendi mvua, bwana. Wanayo nyingi. Mama yangu anasema ndiyo maana hawana mifugo."

"Na wewe ungelia?"

"Mimi ningecheza."

Aliandika kitu. Sikujua ni kitu gani, lakini aliandika akitabasamu.

Kisha akaingia Noor, nami nikakaa kwenye benchi chini ya dirisha. Noor alipewa karatasi ile ile ya ziwa na mvua. Nilimsikia akivuta pumzi. Halafu nikamsikia, kwa sauti tamu isiyo na kosa hata moja, akisoma sura ya tisa: Bwana Brauni na fundi wa saa. Nilijua amefumba macho. Nilisikia mtahini akimwita mara mbili, lakini Noor hakusimama, akazipitia hata sentensi zangu na za Koplo, kwani kwa woga alikuwa amesahau adabu yote. Nadhani siku ile alisoma vizuri kuliko mtu yeyote aliyewahi kukisoma kitabu kile. Mlangoni Koplo Mutua alitazama chini.

Majibu yalikuja na msafara baada ya majuma matano. Koplo ndiye aliyeyaleta. Alivua buti, akaketi mahali pake mkekani, akatusomea barua polepole kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Ilikuwa barua moja. Jina lilikuwa langu.

Hoyo aliishika ile barua kwa mikono miwili, akaupapasa muhuri. Kisha akamtazama Noor, na furaha ikamtoka usoni. Noor alijaribu kucheka, akasema ukurasa aliopewa ulikuwa mbaya, haukuwa na Brauni hata mmoja. Hakuna aliyecheka naye. Mimi niliona aibu kuwa na barua. Sote tulijua kwamba msafara ukiondoka nami, yeye atabaki na urefu wake, na umri wake, na mikono mitupu.

Koplo alikunywa chai yake, maana siku hizo tumbo lilikwisha kuzoea, akaondoka kabla ya kafyu. Kesho yake alirudi na karatasi iliyopigwa muhuri wa kituo. Aliiandika mwenyewe kwa Kiingereza, na ilimchukua, alisema, zamu nzima ya ulinzi. Naikumbuka yote, nawatafsiria: "Kwa kila askari. Huyu Noor namjua. Kila alasiri alikuwa na mimi, tunasoma. Yeye si shifta. Yeye ni mvivu kidogo, lakini sauti yake ni nzuri. Mkimkamata mtakuwa mmekosea." Chini yake jina, cheo na namba.

Ilikuwa na makosa matano ya sarufi, niliyahesabu. Noor aliishona ndani ya mfuko wa shati. Mimi nikavuka mto, nikawa mwalimu. Yeye alibaki, na kwa muda wote uliobaki wa vita vile alisimamishwa barabarani, sokoni, kisimani, na kila mara aliitoa karatasi ile, askari akaisoma, wengine wakacheka, wote wakamwachia. Baadaye akawa dereva wa lori la ng'ombe na mtu tajiri kuliko mimi. Koplo alihamishiwa Moyale, tukasikia alipata usajini, na hatukumwona tena. Nilimlilia siku niliposikia amestaafu na kurudi kwao, kwa sababu nilijua sitampata.

Vijana wa leo nawacheka, lakini Kiingereza wanakijua. Liban wangu akizungumza na simu yake utadhani Bwana Brauni amefufuka. Hakukaa kwenye mkeka, hakusubiri zamu ya mtu, kitabu chake ni chake peke yake, na darasa lake lote hakuna aliyemzidi katika somo hilo. Miaka michache iliyopita alitimiza kumi na minane akaenda kuchukua kitambulisho. Akajaza fomu kwa mwandiko mzuri. Afisa akamuuliza maswali, akajibu yote kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha aliyemuuliza. Kisha akaambiwa arudi nyumbani akalete mzee wa kuthibitisha kwamba yeye ni Mkenya.

Nilivaa kanzu yangu ya Ijumaa nikaenda naye. Tulikaa foleni tangu asubuhi, wazee na wajukuu, kila mzee na karatasi zake za zamani ndani ya mfuko wa plastiki. Zamu yetu ilipofika niliulizwa kama namjua kijana huyu, amezaliwa wapi, baba yake ni nani, babu yake ni nani. Babu ni mimi, nikasema. Wakaandika. Tulipotoka nje Liban aliniuliza, "Awowe, sasa nimepita?" Nimesahihisha mitihani kwa zaidi ya miaka thelathini; nikazifunga tena karatasi zangu ndani ya mfuko wa plastiki, nikamwambia tusubiri.